Bamvua, Mchanga na Mashine ya Kukimbilia

Siku za bamvua, bahari ya Kilwa Masoko hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Alfajiri maji bado yako juu na mchanga haujaachiwa nafasi. Ufukwe mpana huja kuonekana kwenye saa nne asubuhi, wakati wavuvi wa pweza wanaelekea miambani na mtumishi wa halmashauri ameshakaa ofisini. Tena maji huchelewa kwa kama dakika 50 kila siku. Aliyepanga kukimbia ufukweni saa kumi na mbili asubuhi hupata uwanja wiki hii, wiki ijayo akaukosa.

Anayefikiria kununua mashine ya kukimbilia, huko Kilwa au Lindi mjini, aanzie hapo. Wanunuzi wengi huuliza bei, kisha nguvu ya mota. Lenye uzito zaidi ni kujua kitu gani hasa humkatizia mtu mazoezi yake.

Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti juu ya watu 96 waliojaribu kujijengea mazoea mapya, kila mmoja akifunga tendo lake na jambo lilelile la kila siku, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 mpaka tendo likawa linakuja lenyewe. Kulikuwa na wa siku 18, na makadirio ya juu yalifika siku 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Mazoea, basi, hushikilia ishara isiyohama, na maji ya bahari huhama kila siku.

Kwa mtu anayekatizwa na maji hayo mashine inatibu tatizo la kweli. Vivyo hivyo kwa mwanamke anayetaka kuvua buibui na kutoka jasho bila macho ya watu, au kwa anayerudi kazini giza limeingia, au wakati wa masika njia zikiwa matope. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika 30 kwa siku 5 zinatosha, na sebuleni zinapatikana saa yoyote.

Lakini yuko anayekimbia kwa sababu ya wenzake. Watanzania wengi wamekulia kwenye mchakamchaka wa shuleni, nyimbo zikiongoza miguu, na vikundi vya jogingi vya leo vina ladha ileile. Mtu wa aina hii akijifungia ndani na mashine atakuwa amejinyima kilichokuwa kikimtoa kitandani. Huyo asinunue.

Ufukwe nao una faida yake. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji, Lejeune, Willems na Heglund, walipima hewa ya oksijeni inayotumiwa na mwili mchangani. Kutembea kwenye mchanga laini kulikula nishati mara 2.1 hadi 2.7 kuliko kwenye sakafu ngumu kwa mwendo uleule. Kukimbia, mara 1.6. Mguu unazama, mchanga unateleza nyuma, na msuli unalipa. Mkanda wa mashine hauna gharama hiyo. Hauna hata upepo wa mbele, ndiyo maana Jones na Doust walionyesha mwaka 1996 kwamba mkimbiaji akiinua mashine kwa asilimia 1 hulingana na mkimbiaji wa nje.

Kuinua huko ndiko hazina ya mashine, hasa kwa mtu wa Masoko, ambako ardhi ni tambarare. Daktari Robert Bruce wa Seattle, aliyeitumia kupima mioyo ya wagonjwa, alianza na mwendo wa polepole wa kilomita 2.7 kwa saa, ila kwenye mwinuko wa asilimia 10, akiongeza mwendo na mwinuko kila dakika 3. Anayeumwa magoti anaweza kupata kazi nzito ya moyo kwa kutembea tu, bila kukimbia hata hatua moja.

Kuna suala la joto, na hapa pwani halina mzaha. Mkimbiaji wa nje hukata hewa, jasho likakauka na kumpoza. Juu ya mashine hewa imesimama, na wakati wa kaskazi, chini ya bati, jasho hudondoka tu bila kupoza. Feni ni lazima. Mashine inayokula wati 600 kwa nusu saa, siku 5 kwa wiki, hutumia yuniti 1.5 za LUKU, yaani kama 6 kwa mwezi, mbali na feni.

Kabla ya kutoa pesa, mtu ajaribu mwezi mzima kutembea haraka saa ileile anayokusudia kuitumia mashine, hata kama ni kuzunguka nyumba. Akiishikilia saa hiyo, anunue. Kisha aangalie chumba: hewa ya chumvi hula fremu, bolti na saketi, kwa hiyo mashine isiwekwe barazani. Watoto wakiwepo, ufunguo wa usalama utolewe na waya uchomolewe kila baada ya mazoezi, maana mkanda huchuna vidole. Na kwa mitumba iliyotoka Marekani, kibao cha umeme kisomwe kwanza: nyingi ni za volti 120, na soketi ya Tanzania inatoa 230.