Kwa nini ukungu hurudi baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho?

Mgonjwa anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, anaona vizuri. Miezi au miaka baadaye, ukungu unarudi. Wengi hudhani daktari alikosea, au mtoto wa jicho ameota tena.

Sivyo. Lenzi ikishatolewa hairudi. Tatizo ni seli chache zilizobaki, ambazo bado zinapokea amri za kukua.

Amri zinatoka wapi?

Lenzi imo ndani ya kifuko chembamba. Mbele yake kuna tabaka moja la seli. Zile za pembeni hurefuka na kuwa nyuzi angavu zinazopitisha mwanga.

Mwaka 1963, watafiti Jane na Alfred Coulombre waligeuza lenzi ya kifaranga kilichokuwa bado ndani ya yai, mbele ikawa nyuma. Seli za mbele zilipoelekea retina, zikaanza kurefuka. Kumbe amri hutoka nyuma ya jicho!

Mwaka 1989, McAvoy na Chamberlain wa Australia walionyesha, kwa lenzi za panya, kwamba protini iitwayo FGF inaweza kutoa amri hiyo. Ikiwa kidogo, seli hugawanyika. Ikizidi, huhama. Ikiwa nyingi, hugeuka nyuzi.

Mambo huharibika vipi?

Daktari huacha kifuko ili kishike lenzi ya bandia. Humo hubaki seli kadhaa, na si rahisi kuzimaliza zote.

Jeraha la upasuaji huamsha protini nyingine, TGF-beta, ambayo kazi yake ni kusaidia kuponya vidonda. Seli zikiipata hubadilika na kuwa kama za kovu, hutambaa hadi nyuma ya kifuko na kukikunja. Mwanga hutawanyika, na macho huona ukungu.

Kwa watoto hali hii hutokea zaidi, maana seli zao hugawanyika kwa kasi. Ndiyo sababu madaktari wengi huwafungulia sehemu ya nyuma ya kifuko palepale kwenye upasuaji.

Ufanye nini?

Usinunue matone ya dawa ukidhani yataondoa ukungu huo. Rudi kliniki ya macho upimwe, kwani hata ugonjwa wa retina unaweza kufifisha uoni. Ikiwa ni kifuko, kwa mtu mzima mwale wa leza hutoboa tundu dogo katikati yake. Ni kazi ya dakika chache, bila kisu.