Subira si Kunyamaza

Mtu akidhulumiwa, sauti mbili humjia upesi. Ya kwanza humwambia: Lipiza, dawa ya moto ni moto. Ya pili humwambia: Nyamaza, funika kombe mwanaharamu apite. Sauti ya kwanza twaijua kuwa ni mbaya, maana mapadre na makatekista wametuonya juu yake tangu utoto. Lakini sauti ya pili hujivika nguo ya utakatifu, nayo hujiita subira. Basi, ndugu msomaji, leo tuitazame vizuri, tuone kama kweli subira ya Kikristu ni kunyamaza.

Sisi Wakristu wa Pemba tu wachache. Twaishi katikati ya ndugu zetu Waislamu, sokoni, shuleni, hospitalini na katika safari ya meli. Jirani akifiwa twakwenda matangani kwake, nasi tukifiwa yeye huja kwetu. Katika maisha ya namna hii, neno moja la hasira laweza kuharibu ujirani wa miaka 30. Kwa sababu hiyo, tumezoea kuhimizana kuvumilia. Jambo hilo ni jema. Lakini vijana wetu huuliza, “Mpaka lini?” Nao wastahili kujibiwa kwa maneno yenye maana, si kwa kuambiwa tu wakae kimya.

Majaribu ya mwaka 2012 na 2013

Wengi wetu twakumbuka siku zile. Mwezi wa Mei 2012 ghasia zilizuka mjini Zanzibar, na makanisa yakachomwa moto. Siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 2012, Padre Ambrose Mkenda alipigwa risasi huko Unguja, akajeruhiwa vibaya. Jumapili asubuhi, tarehe 17 Februari 2013, Padre Evarist Mushi alifika kanisani Mtoni, Unguja, kusoma Misa. Hakuisoma. Alipigwa risasi akafa. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, Padre Joseph Anselmo Mwang'amba alimwagiwa tindikali.

Habari kama hizo zilipotufikia, ilikuwa rahisi mno kusema, “Waislamu wametuua.” Lakini hebu tuyapange mambo yote mezani. Tarehe 6 Novemba 2012, kabla ya padre yeyote kupigwa risasi, Sheikh Fadhil Soraga, Katibu wa Mufti wa Zanzibar, alimwagiwa tindikali alipokuwa akifanya mazoezi ya asubuhi. Na mwezi wa Agosti 2013 wasichana wawili Waingereza, waliokuja kufundisha kwa kujitolea, walimwagiwa tindikali vilevile. Basi anayesema kwamba dini moja ilikuwa ikipigana na dini nyingine, na atueleze Sheikh Soraga alikuwa wa upande gani.

Hili ndilo fundisho la kwanza. Hasira haipendi kuuliza swali la “nani hasa?” Hutaka mtu wa karibu wa kumpiga, naye huwa ni jirani asiyekuwa na kosa lolote. Subira ndiyo inayouliza swali hilo, nayo hungoja mpaka lijibiwe.

Na Kanisa lilifanyaje? Halikushika silaha. Lilimzika padre wake, likamwombea. Lakini halikunyamaza pia. Askofu Augustino Shao na viongozi wengine walisema hadharani kwamba uovu umetendeka, wakataka wenye hatia watafutwe kwa njia ya sheria. Na Misa ziliendelea kusomwa. Waamini waliorudi kanisani Jumapili iliyofuata walikuwa na hofu, lakini walirudi. Naona kwamba kurudi kule kulikuwa ni ushuhuda mkubwa kuliko hotuba nyingi.

Bwana wetu alipopigwa kofi

Watu hupenda kutaja fundisho la Bwana Yesu la kugeuza shavu la pili. Ni fundisho lake, wala hatuwezi kulipunguza. Lakini tumtazame yeye mwenyewe alivyofanya siku alipopigwa kofi. Mwinjili Yohane atueleza kwamba Yesu alipokuwa mbele ya Anasi, askari mmoja alimpiga. Bwana hakumrudishia. Lakini pia hakunyamaza. Alimtaka yule askari aonyeshe kosa alilolisema. Na kama hakulisema kosa, amweleze kwa nini ampiga.

Tazama jambo hili kwa makini. Mkono wa Bwana ulitulia, lakini ulimi wake ulisema kweli. Tena hakusema ili kumwaibisha yule askari. Alimpa nafasi ya kufikiri kama mtu mwenye akili na dhamiri. Anayekupiga akiulizwa swali la haki kwa sauti ya utulivu, huona tendo lake kama lilivyo.

Mtume Paulo naye alifanya vivyo hivyo huko Filipi. Alipigwa fimbo pamoja na Sila, wakatiwa gerezani bila kuhukumiwa. Usiku waliimba na kusali. Nchi ikatetemeka, milango ikafunguka, nao hawakukimbia. Wakamwokoa mlinzi wa gereza asijiue. Hapo ndipo mahubiri yetu mengi huishia. Lakini habari haikuishia hapo. Kulipopambazuka, wakubwa wa mji walituma watu wawatoe kimya kimya. Paulo akakataa. Walipigwa hadharani, nao ni raia wa Roma. Basi wakubwa na waje wenyewe wawatoe. Nao wakaja, wakawasihi.

Je, Paulo alipungukiwa na subira asubuhi ile? Hata kidogo. Yule yule aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki asubuhi. Wala hakudai alipwe fedha au askari wafungwe. Alidai jambo lililofanywa kwa dhuluma mbele ya watu litengenezwe mbele ya watu, kwa faida ya Wakristu wachache ambao wangebaki katika mji ule. Sisi ambao tu wachache twaweza kulielewa jambo hilo vizuri.

Hasira nayo?

Wengine hudhani kwamba kuona hasira ni dhambi yenyewe. Sivyo. Bwana wetu alipindua meza za wabadili fedha Hekaluni. Mtume naye atuonya tusilale na hasira yetu, jua likatuchwea tukiwa nayo. Hakutuambia kwamba haitatujia kamwe. Hasira ni kama moto. Ukikaa katikati ya mafiga, hupika wali na watoto wakashiba. Ukipanda kwenye paa la makuti, hauachi hata chungu. Aliyeona dhuluma asiukasirike uovu, moyo wake umelala. Aliyeukasirikia hata akamchukia mtu, huyo moto umempandia paani.

Subira ya uongo

Hapa Pemba tuna sababu ya pekee ya kuiogopa subira ya uongo. Mikarafuu ya kisiwa hiki, katika karne ya 19, ilitunzwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini mashambani utumwa uliendelea. Uingereza, nchi ya Kikristu, iliitwaa Zanzibar chini ya ulinzi wake mwaka 1890, na bado wakubwa wake waliendelea kusitasita kwa kuhofu kwamba mavuno ya karafuu yangeharibika. Waliwataka watumwa wangoje. Tuseme kweli: kungoja kwa namna hiyo hakukuwa subira. Ilikuwa ni faida ya mtu mmoja iliyolindwa kwa uvumilivu wa mtu mwingine.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyoondoa utumwa katika sheria. Lakini amri ile haikumfungulia mtu mlango. Ilimpasa mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake. Mwenye mtumwa aliweza kulipwa fidia. Mtumwa hakulipwa kitu kwa miaka yake ya jasho. Masuria waliachwa nje ya amri ile, wakangoja mpaka mwaka 1909. Mwaka huo wa 1897 Wakristu wa Kanisa la Marafiki kutoka Uingereza walianza kazi yao huko Banani, karibu na Chake Chake, wakawapa makao na kazi watu waliotoka utumwani.

Mfikirie mtu yule aliyetoka shambani kwenda mahakamani kwa miguu, bila kujua kama angesikilizwa. Hakuchoma shamba. Hakumwua bwana wake. Lakini pia hakubaki shambani akijiita mvumilivu. Subira yake ilikuwa na miguu.

Dhuluma ya jirani

Sasa twafika mahali pagumu zaidi. Ni rahisi kudai haki yangu. Je, ya jirani?

Tarehe 27 Januari 2001, baada ya ugomvi wa uchaguzi wa mwaka 2000, watu waliandamana katika miji ya Pemba, pamoja na Wete na Micheweni. Askari walipiga risasi. Watu zaidi ya 30 walikufa katika Zanzibar siku zile. Askari polisi naye aliuawa na watu wenye hasira. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Karibu wote waliopatwa na msiba huo walikuwa Waislamu. Kuna nyumba hapa kisiwani ambazo mwezi wa Januari ni mwezi wa kilio mpaka leo.

Vilevile, viongozi wa jumuiya ya Uamsho walifunguliwa mashitaka ya ugaidi mwaka 2014. Walikaa rumande mwaka baada ya mwaka, kesi haiishi, mpaka mwezi wa Juni 2021 mashitaka yalipofutwa. Mkristu aweza kuyakataa mahubiri yao yote, na hiyo ni haki yake. Lakini mtu kufungwa miaka mingi pasipo kuhukumiwa si haki, hata kama hatukupatana naye. Sisi tuliolia kwa ajili ya mapadre wetu, je, tuliwahurumia watoto waliongoja baba zao miaka yote ile? Mungu hana mizani miwili, mmoja wa Wakristu na mmoja wa wengine.

Na tujifunze kwa majirani zetu pia. Baada ya damu ya mwaka 2001, vyama vya C.C.M. na C.U.F. vilitia sahihi Muafaka mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Mwezi wa Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana wakaongea. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 66 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Njia haikunyooka, uchaguzi wa mwaka 2015 ulifutwa, na ugomvi ukarudi. Lakini waliozika watoto wao na bado wakakubali kuketi meza moja wametufundisha kwamba subira si jambo la siku moja.

Tufanye nini nyumbani?

Dhuluma nyingi hazifiki magazetini. Chukua mfano wa kibarua aliyechuma karafuu. Amepanda mikarafuu tangu alfajiri, ameshuka na magunia yake, na jioni mwenye shamba ampimia pishi chache kuliko alizochuma. Afanyeje?

Kwanza, na atulize mkono wake. Asivunje matawi usiku, wala asiibe karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi. Akifanya hivyo, kesho yeye ndiye atakayekuwa mshitakiwa, na haki yake itakuwa imekufa.

Pili, aseme na mwenyewe, uso kwa uso, kabla ya kusema na soko zima. Bwana wetu alituagiza kuanza hivyo na ndugu aliyetukosea. Aseme kwa heshima: “Mzee, shikamoo. Hesabu yangu na yako hazipatani. Naomba tupime tena.” Wengi hutengeneza mambo hapo, maana wengine hukosea kweli.

Tatu, asipopata, achukue shahidi, aende kwa sheha. Na ikibidi, mahakamani. Kumshitaki mtu kwa kweli si kumchukia. Yule mjane wa Injili aliyemrudia kadhi mara kwa mara hakulaumiwa na Bwana kwa kusumbua, alisifiwa.

Nne, amwombee aliyemdhulumu, tena kwa jina lake. Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linaloitofautisha subira na werevu mtupu. Mtu aweza kushinda kesi na kutoka mahakamani akiwa na moyo wa muuaji. Aombaye kwa kweli hutaka haki ipatikane na adui apone vilevile.

Wazazi wapenzi, watoto wetu hujifunza mambo haya wakati wa chakula kuliko wakati wa mafundisho ya dini. Baba akisema, “Hawa watu wote ni wamoja,” mtoto amekwisha fundishwa chuki. Mama akisema, “Nyamaza tu mwanangu, sisi ni wanyonge,” mtoto amefundishwa woga. Lakini wakisema, “Jambo hili ni baya, aliyelifanya ni fulani, kesho tutakwenda kwa sheha, na usiku huu tutamwombea,” mtoto amesikia Injili nzima kabla sahani hazijaondolewa.