Joto na Radi Pwani ya Tanganyika: Utabiri Ufike Hata Kazini



Kila mwaka mwezi wa 8 unapokwisha, sisi wa Nyanza-Lac na Rumonge tunaanza kutazama milima. Majani yamekauka, vumbi limejaa barabarani, na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa haionekani vizuri. Wenzetu wa Ulaya wakisema majira ya joto, wana maana ya mwezi wa 6 na wa 7. Kwetu miezi hiyo usiku una ubaridi wake. Joto letu kali huja mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa 8, wa 9 na mwanzo wa 10. Nyuma yake hufuata mvua za kwanza, za hapa na pale, zenye ngurumo na radi.

Neno letu katika makala hii ni moja. Utabiri wa hali ya hewa ni wa watu wote, lakini saa za kazi zina mwenyewe. Redio ikitangaza joto na radi, halafu kapita akapiga filimbi saa ile ile ya jana na kudai mikungu ile ile ya jana, utabiri huo haujamfaa mfanyakazi kitu. Lazima uingie katika makubaliano ya kazi.

UTABIRI UNATOKA WAPI?

Mara 3 kwa mwaka wataalamu wa hali ya hewa wa nchi 11 za upande wetu wa Afrika, Burundi ikiwamo, hukutana chini ya kituo kiitwacho ICPAC, chenye makao yake Kenya. Mikutano hiyo ilianza mwaka 1998. Wataalamu hupima joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, kwa sababu bahari hizo zikipata joto au zikipoa, mvua zetu nazo hubadilika. Hapa nchini kazi hiyo ni ya IGEBU.

Tuelewe vizuri maneno yao. Ukisikia kwamba kuna nafasi 45 katika 100 mvua kuzidi kawaida, maana yake bado zimebaki nafasi 55 kwamba itakuwa ya kawaida au pungufu. Utabiri wa msimu hauwezi kusema radi itapiga siku gani wala shamba gani. Unatuambia tujiandae. Kwa siku yenyewe tusikilize utabiri wa siku, na tutumie macho na masikio yetu.

JOTO LA IMBO

Ziwa letu liko kiasi cha mita 770 juu ya bahari, na milima iliyo nyuma yetu inapita mita 2,000. Sisi wa Imbo tuko chini kabisa, na ndiko kwenye joto kuliko sehemu nyingine za nchi. Mchana wa mwezi wa 9 kipimo hupita digrii 30 mara nyingi.

Atakuja mtu na kusema: "Digrii 30 ni nini? Uarabuni wanafikia 45." Tumjibu hivi. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka. Mvua zinapokaribia, hewa ya ziwani hujaa unyevu, na jasho linatiririka tu bila kukauka. Tena mfanyakazi wa mawese hapati joto la jua peke yake. Yuko anayesimama mbele ya mapipa yanayochemka, na yuko anayebeba mikungu mizito kutoka shambani hadi barabarani. Joto la kazi na joto la moto huongezwa juu ya joto la jua, na redio haiwezi kuyapima hayo.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa taarifa mwaka 2024 kwamba wafanyakazi zaidi ya bilioni 2.4 duniani hupatwa na joto la kupita kiasi kazini. Kati ya mabara yote Afrika ndiyo ya kwanza: karibu wafanyakazi 93 katika kila 100. Kwa hiyo anayelalamika joto si mvivu.

Dalili tuzijue sote: kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza, mkojo kuwa na rangi ya chai. Mwenzako akianza kusema ovyo au akianguka, hiyo ni hatari ya kifo. Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mtu mmoja akimbilie msaada wa kumfikisha hospitali.

RADI INAPIGA VIPI KWETU

Mchana jua huchoma nchi kavu kuliko ziwa. Upepo hutoka ziwani kupanda milimani, mawingu hujikusanya huko, na alasiri ngurumo huanza. Usiku mambo hugeuka: upepo hushuka kutoka milimani kwenda ziwani, na mvua za radi hupiga juu ya maji. Ndiyo maana mkata mikungu aogope alasiri, na mvuvi wa ndagala aogope usiku na alfajiri.

Sehemu yetu ya dunia ina radi nyingi mno. Wataalamu waliohesabu radi kwa mitambo iliyo angani walitangaza mwaka 2016 kwamba Kabare, karibu na Bukavu, ndiyo ya kwanza katika Afrika nzima: radi kama 205 kwa mwaka katika kila kilomita 1 ya mraba. Mwezi wa 6 mwaka 2011 radi iliua watoto 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Uganda. Tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 2018 iliua waumini 16 kanisani huko Nyaruguru, Rwanda, wilaya inayopakana na Burundi. Wapo wanaosema radi hutumwa na jirani mwenye wivu. Ndugu, radi hutafuta kitu kirefu kilichosimama peke yake, na katika shamba la michikichi kitu kirefu ni mti wenyewe pamoja na mtu aliye juu yake. Ziwani ni mtumbwi na watu waliosimama ndani yake.

Ukisikia ngurumo, radi inaweza kukufikia. Shuka mtini, toka majini. Usijikinge chini ya mti, wala katika kibanda kisicho na kuta. Ingia katika nyumba imara au ndani ya gari lenye bati juu. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mtu aliyepigwa hana umeme mwilini. Mguse, na kama hapumui, msaidieni kwa kumkandamiza kifua mara moja.

KWA NINI MTU HASHUKI?

Haya wengi wetu tunayajua. Basi kwa nini mtu hubaki juu ya mchikichi wakati mbingu inanguruma? Si ujinga. Ni kwamba kibarua analipwa kwa mikungu. Nusu saa ya kukaa bila kazi ni faranga zilizotoka mfukoni mwake na chakula kilichotoka kwenye sufuria ya watoto. Hapo ndipo penye shida, na hapo ndipo chama kinapotakiwa.

Waajiri husema kazi ikisimama mafuta yanaharibika. Sisi tunaijua chikichi kama wao. Chikichi ikikaa siku nyingi bila kukamuliwa, mafuta yake hupungua ubora. Nusu saa haiharibu kitu. Lakini mtu akifa harudi.

Wala hatuombi jambo geni. Oman, ambako wako wengi wanaosema Kiswahili, ni marufuku kufanya kazi juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30, mwezi wa 6 mpaka wa 8. Mkataba namba 155 wa ILO unasema mfanyakazi aliyeondoka penye hatari kubwa ya papo hapo, kwa sababu za haki, asiadhibiwe. Na mwezi wa 6 mwaka 2022 ILO iliweka usalama na afya kazini kuwa haki ya msingi, inayopaswa kuheshimiwa na kila nchi mwanachama. Burundi ni mwanachama tangu 1963.

Kwa hiyo wajumbe wetu wapeleke kwa mwajiri haya, kabla ya mvua za kwanza:

1. Miezi ya joto kazi ianze alfajiri, na kazi nzito zisimame saa za jua kali. Kuchemsha kufanywe usiku au asubuhi mapema.

2. Maji safi ya kunywa yafike pale pale penye kazi, kikombe kimoja kila dakika 15 au 20. Maji ya ziwa yasiyotibiwa ni kipindupindu, na pwani yetu inakijua.

3. Kivuli cha kupumzikia, na kibarua mgeni aanze na kazi ndogo, aongezewe siku kwa siku mpaka mwili uzoee.

4. Ngurumo ikisikika kazi isimame, na muda wa kusubiri ulipwe, hata kwa wanaolipwa kwa mikungu.

5. Kila kikundi kichague mtu wa kusikiliza utabiri na kushika filimbi. Akiipiga, kapita asiwe na ruhusa ya kuwarudisha watu mtini.

Kwa wenzetu wavuvi, uamuzi ufanyike ufukoni kabla ya kuwasha taa, maana katikati ya ziwa hakuna pa kujificha. Mwenye mtumbwi asimtishe baharia aliyekataa kutoka usiku wa radi kwamba atampa mwingine nafasi yake.

Moja likikubaliwa kwanza, liwe la 4, kwa sababu bila hilo mengine yatabaki karatasini. Mtu peke yake akishuka mtini anaitwa mvivu na kesho hana kazi. Watu 40 wakishuka pamoja kwa filimbi moja, hayo ni makubaliano. Mbingu hatuiamuru, lakini saa za kazi zimepangwa na watu, na watu wanaweza kuzipanga upya.