Loji ya Nchi Kavu Hupimwa kwa Maji Yake

Mtu aishiye Nkoaranga, mteremkoni mwa Mlima Meru, penye migomba na mibuni, na mifereji ipitayo kati ya vihamba usiku na mchana, huona vigumu kusadiki kwamba nyuma ya mlima uleule umnyweshao iko nchi ambayo mwanamke hutoka alfajiri na punda wake kwenda kutafuta maji, akarejea jua limekwisha kuwa kali. Sababu yake ni dhahiri. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hugonga Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566, hupanda, hupoa, na kuumwaga unyevu wao upande wa kusini na mashariki. Zikivuka kilele huwa kavu, na nchi za Oldonyo Sambu na Longido, mpaka Ziwa Natron, huishi kwa mabaki. Kandokando ya Natron mvua ya mwaka mzima aghalabu haifiki milimita 500, ilhali jua na upepo vina nguvu ya kukausha maji mara kadhaa ya kiasi hicho.

Nchi hiyo kavu ndiyo ipendwayo sasa na wageni: weupe wa magadi, heroe kwa maelfu, na volkano ya Oldoinyo Lengai ikisimama peke yake. Loji na kambi za mahema zimezuka, na karibu kila moja hujinadi kuwa ni maridadi na kuwa ni rafiki wa mazingira. Mimi, ambaye riziki yangu imetoka katika kazi ya maji, nasema kwamba sifa hiyo ya pili haithibitishwi kwa paa la nyasi wala kwa taa za umemejua, bali kwa hesabu ya maji: yametoka wapi, na yamekwenda wapi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba, katika mwaka wa milimita 400, hupokea lita 40,000. Tukiondoa sehemu ya tano kwa upotevu, zitabaki 32,000, yaani lita zisizotimia 90 kwa siku. Mgeni aogaye kwa ndoo ya lita 20 iliyotundikwa juu ya bafu la hema, na asiyetumia choo cha kuvuta maji, ataishi kwa kiasi hicho pamoja na wenzake wawili bila dhiki. Aliyezoea kusimama chini ya bomba robo saa atakimaliza peke yake. Nalo bwawa la kuogelea la mita 50 za mraba, likiachwa wazi juani, hupoteza milimita 6 hivi kwa siku, ambazo ni lita 300 zinazopaa hewani pasipo kumnywesha mtu. Hayo ni maji ya ng'ombe kumi. Sioni udhuru wa bwawa la namna hiyo mahali ambapo mifugo hushindia kiu.

Mfano bora wa loji iishiyo kwa maji ya mvua nauona baharini, katika kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, kilichohifadhiwa kisheria tangu 1994. Kisiwa kile hakina chemchemi wala mto, na kwa maana ya maji ni jangwa lililozungukwa na chumvi. Nyumba zake saba za wageni hukinga mvua kwa mapaa yao makubwa, maji huchujwa na kuhifadhiwa katika birika lililo chini ya sakafu, kisha hupandishwa kwa pampu ya mkono. Chooni mgeni hamwagi maji, bali hutupia gao la mboji na majani makavu, na uchafu ukageuka mbolea. Na maji ya kuogea hupitishwa katika kitalu cha mimea inayofyonza kilichomo kabla hayajafika kwenye matumbawe. Wala hapana asemaye kwamba nyumba zile hazipendezi. Uzuri wake umetokana na haja zake, na mhandisi hana budi kuheshimu uzuri wa asili hiyo.

Katika nchi yetu ya volkano mvua ina fadhila nyingine. Maji ya visima na chemchemi nyingi kuuzunguka Meru yana floridi, ile iyatiayo meno ya watoto wetu rangi ya hudhurungi, na ikizidi sana hudhuru hata mifupa. Kituo cha Ngurdoto kimeshughulika miaka mingi na kuiondoa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Maji ya mvua, kwa kuwa hayajapita mwambani, karibu hayana kabisa. Kwa hiyo loji ichimbayo kisima kirefu na kusahau paa lake imeacha kilicho bora.

Kuhusu joto nitasema kidogo: ukuta mnene wa mawe au udongo hulichelewesha mpaka usiku, na hema lenye turubai mbili zilizoachana hupitisha upepo katikati. Huko Siwa, Misri, loji ya Adrère Amellal imejengwa kwa udongo wa chumvi na haina umeme; lakini Siwa karibu haijui mvua, na ukuta wa namna ile ungeyeyuka katika masika ya Longido.

Liko jambo zito kuliko hayo, nalo ni ardhi. Mnamo Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande huohuo mkavu, ili wafugaji wa Kizungu wapewe ardhi hiyo, na mwaka uliofuata mwenzao Kirilo Japhet akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuwasemea. Watu walioirithi kumbukumbu hiyo wana haki ya kuuliza, kila inapopimwa kambi mpya, kama mkutano mkuu wa kijiji ulikubali, na kama njia ya mifugo kwenda majini imebaki wazi. Loji iliyoifunga njia hiyo, hata ikiwa na sola juu ya kila hema, imedhulumu.

Basi wewe unayekusudia kulala huko, na kijana wa Nkoaranga unayekwenda kuajiriwa mpishi au mwongoza wageni, mwombeni mwenyeji awaonyeshe tangi lake na mahali maji machafu yaendapo kabla hajawaonyesha kitanda.