Mji usiodai viza, usiozaliwa mtu

Hebu fikiria, msomaji, mji ambao mgeni yeyote anaruhusiwa kuishi bila viza, lakini mama mjamzito hutakiwa kuondoka majuma yapatayo matatu kabla ya kujifungua. Mji huo ni Longyearbyen, katika visiwa vya Svalbard nchini Norway, si mbali na Ncha ya Kaskazini. Una watu wapatao 2,500. Jua likitua mwishoni mwa Oktoba halionekani tena hadi Februari, na atokaye nje ya mji hubeba bunduki kwa sababu ya dubu weupe.

Viza haidaiwi kutokana na mkataba wa mwaka 1920, ulioipa Norway mamlaka juu ya visiwa hivyo bila kuwafungia wageni mlango. Mradi uwe na kazi na mahali pa kulala. (Usikimbilie kufunga mizigo! Ndege hupitia Norway bara, na huko viza inadaiwa.) Ndiyo maana utawakuta Wathai na Wafilipino wengi wakipika na kupiga deki hotelini.

Zamani kazi ilikuwa moja tu: kuchimba makaa ya mawe. Mmarekani John Longyear alianza uchimbaji mwaka 1906, na mji ukachukua jina lake. Mwaka 2023 mtambo wa umeme wa makaa ulizimwa, na mwaka 2025 mgodi wa mwisho wa Norway visiwani ukafungwa. Sasa mji uliojengwa juu ya makaa hupata umeme kwa dizeli inayoletwa na meli, nao watalii na watafiti wamechukua nafasi ya wachimbaji.

Joto nalo linapanda huko haraka kuliko karibu kila mahali duniani. Desemba 2015 theluji iliporomoka mlimani, ikazoa nyumba na kuua watu wawili. Hata ghala la mbegu za dunia, ambamo marehemu Profesa Wangari Maathai na Waziri Mkuu Jens Stoltenberg waliweka sanduku la kwanza mwaka 2008, liliingiwa na maji kwenye njia yake mwaka 2016. Mbegu zilisalimika, lakini njia hiyo ilibidi ijengwe upya.

Linalowauma wakazi wengi, hata hivyo, ni kura. Mwaka 2022 serikali iliamua kwamba mgeni hatapiga kura ya baraza la mji asipokuwa ameishi Norway bara kwa miaka mitatu. Serikali ilisema mji lazima uongozwe na wenye uhusiano na bara. Basi hata ukiwa umepiga deki hapo miaka kumi, ukalipa kodi na kusomesha watoto, katika uchaguzi wa 2023 ulibaki nyumbani. Ukizeeka usiweze kujitunza, utaondoka pia, kwani Longyearbyen haina huduma ya kulea wazee.