Mbwa Wakigombana Pwani

Mama mmoja jirani yetu alitujia jioni, mkono ameufunga kwa kanga iliyolowa damu. Alikuwa amempeleka mbwa wake pwani, na huko wakakutana na mbwa wengine wawili, wakavaana. Naye akaingiza mkono katikati ili amwokoe wake. Tulipomuuliza ni yupi aliyemng'ata, hakujua. Huenda ni wake mwenyewe.

Hapa Unguja mbwa hukutana pwani. Maji yakipwa kule Jambiani au Paje, hubaki uwanja mpana wa mchanga, na mbwa wa nyumbani, wa hotelini na wasio na mwenyewe wote huuona ni wao. Ndipo hapo hapo akina mama wanapopita kwenda kwenye mwani, na watoto wetu wanapocheza. Kwa hiyo ugomvi wa mbwa si wa mbwa peke yao.

Akina mama wapenzi, mbwa kwa kawaida hutoa ishara kabla ya kung'atana. Mkia husimama mgumu, manyoya ya mgongoni huinuka, mwili hukakamaa, na macho hukodolewa mwenziwe bila kupepesa. Ukiyaona hayo, mwite wako kwa sauti ya upole mwondoke kwa upinde, msipite uso kwa uso. Usiivute kamba ikakaza, kwani mbwa aliyebanwa asiyeweza kukimbia huamua kupigana. Na tafadhali, msiwatupie vichwa vya samaki mahali mbwa wengi walipo. Mara nyingi vita huanzia hapo.

Wakiisha kushikana, usiingize mkono wala mguu. Usimshike ukosi wa shingoni, maana atageuka na kung'ata kilicho karibu. Wamwagie ndoo ya maji, au gonga sufuria kwa nguvu, au sukuma ubao katikati yao. Ikishindikana, na mkiwa watu wazima wawili, kila mmoja amshike mbwa wake miguu ya nyuma na kurudi kinyumenyume kwa pamoja. Mtu mmoja asijaribu. Kumpiga mbwa kwa fimbo humzidishia hasira tu.

Sasa tuje kwenye jeraha, ambalo ndilo lililotutia hofu kuliko yote. Yule mama alikuwa amepaka majivu. Lioshe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa, si kwa kukisia. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo uliotoa damu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa, lakini chanjo ikianzwa mapema na kumalizwa huzuia. Sindano si moja, na wengi wetu huacha baada ya ya kwanza kwa sababu kidonda kimepona. Waulizeni watoto pia, maana wengine huficha wakiogopa kugombezwa.

Ndugu zetu wa Pemba wametuonyesha kwamba inawezekana. Kwa kuwachanja mbwa, ugonjwa huo ulikomeshwa huko mwaka 2014. Ukaingizwa tena mwaka 2016, chanjo zikafanywa upya, na mwaka 2018 ukakoma. Mbwa wako achanjwe, na dume ahasiwe. Hutangatanga kidogo zaidi.

Tuwakumbuke pia majirani zetu Waislamu. Mate ya mbwa kwao ni najisi, na akirambwa nguo au chombo huosha mara saba, moja kwa udongo. Mbwa anayemkimbilia jirani anayekwenda kusali amemletea usumbufu hata asipomng'ata. Mfunge kamba, na mtu akija, kaa kando.

Yule mama tulimwosha, tukamsindikiza hospitali usiku huo. Alimaliza sindano zote. Mbwa wake humtoa sasa alfajiri, kwa kamba, akiwa na kindoo cha maji mkononi. Watoto wa mtaa humcheka.