Mkubwa ni Jaa: Je, Likijaa?

Wahenga walinena kuwa mkubwa ni jaa. Maana yake, ndugu msomaji, ni kwamba kila taka ya nyumba, ya mtaa au ya kazi hutupiwa yeye, naye hana budi kuipokea. Tuliukariri msemo huu tangu chuoni, na maalimu wetu aliutamka kwa fahari. Walakini hakuna aliyetuambia jaa likijaa hufanywaje. Swali hilo nilikuja kulikuta mbali na pwani, huko Kosele, karibu na mji wa Oyugis katika Kaunti ya Homa Bay.

Nilikwenda huko kumzuru sahibu yangu wa miaka mingi. Tulikaa nyumba moja Kisauni alipokuwa akisomesha Mombasa, nami nikiwa mwandishi chipukizi. Sasa ni mwalimu mkuu kwao. Jina lake ni amana, basi nitamwita Mwalimu tu.

Mara ya kwanza, mwaka juzi, niliketi ofisini mwake asubuhi moja. Aliingia mzee aliyetaka mwanawe arudishwe darasani ingawa karo haijalipwa. Akafuata muuza mahindi na maharagwe, anadai deni la muhula uliopita. Kisha mwalimu kijana aliyefiwa, ataka ruhusa ya wiki nzima, na hakuna wa kushika vipindi vyake. Nyuma yake binti yatima asiye na sare. Fedha za shule zilikuwa zimechelewa, na kila mmoja alimtazama Mwalimu kana kwamba amezificha mfukoni.

Mwaka huu nilirudi, nikaikuta ofisi ile ile imetulia. Usiku, tulipokwisha kula samaki kwa ugali, nilimwuliza siri yake.

"Omera," aliniambia, "ulipokuja mara ile nilikuwa silali. Nikisikia mlango ukigongwa, moyo unaruka. Siku moja nilimfokea naibu wangu mbele ya wanafunzi hata akatoka nje akilia. Mama yule amefundisha miaka ishirini. Nikajiuliza: huyu aliyepiga kelele ni nani?"

Muuguzi wa zahanati alimpima shinikizo la damu akalikuta juu. Hakumpa vidonge tu, alimwuliza pia, "Mwalimu, unalala?" Swali hilo dogo ndilo lililompeleka kwa mshauri nasaha mjini Oyugis. Lakini haikuwa rahisi. Alisitasita wiki tatu. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizoumizwa sana na ukimwi, na wengi wa huko waliyajua maneno "ushauri nasaha" kwa njia ya vituo vya kupimia virusi. Akionekana mlangoni, watasema ana ugonjwa. Akikana, watasema basi amerukwa na akili.

TIBA YA MANENO

Nilitaka kujua alifanywa nini huko ndani. Akacheka. Hakulazwa kitandani wala hakuchomwa sindano. Alisikilizwa. Kisha aliambiwa achukue daftari, augawe ukurasa: upande huu matatizo anayoyaweza, upande ule yasiyo mikononi mwake. Kuchelewa kwa fedha kukaangukia upande wa pili. Ukali wake kwa walimu ukaangukia wa kwanza. Alifundishwa kuvuta pumzi polepole kifua kinapombana, na kila juma kuchagua tatizo moja, kulikata vipande, na kuanza na kipande kilicho chepesi. Walikutana mara tano.

Baadaye wakaingia katika uongozi wenyewe, kazi ambayo siku hizi huitwa ukocha. Tabibu wa nafsi hutibu kidonda, na kocha humwandaa mchezaji kwa mechi ijayo, wala hachezi badala yake. Mshauri alimwuliza, "Katika wote waliokujia jana, ni wangapi ilikuwa lazima waje kwako?" Jibu lilimtia haya: hawakuzidi wawili. Sasa wadai huonana na mhasibu, na zamu za walimu hupangwa na naibu wake. Naye naibu alimwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia akimfokea.

SI JAMBO GENI

Wako watakaosema haya ni mambo ya Kizungu. Nawakumbusha Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, yaani 322 Hijria. Aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuutibu mwili na kuisahau nafsi. Alieleza hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, na kwamba dawa yake ni fikra njema anazojiwekea mtu mwenyewe, pamoja na maneno ya mwenziwe anayemnasihi. Hata "nasaha" katika Kiarabu ina asili moja na kushona nguo: mwenye kunasihi huunga palipochanika. Na waziri, kwa asili ya neno, ni msaidizi wa kubeba mzigo. Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni aliomba nduguye Haruni awe waziri wake. Ikiwa Mtume aliomba wa kusaidiana naye, mwalimu mkuu wa Kosele aone haya kwa lipi?

Wajaluo nao walikuwa na duol, kibanda cha mwenye boma, ambamo wanaume waliota moto jioni wakizungumza mambo ya mji. Wasiwasi wao huuita parruok, neno lenye mzizi mmoja na kufikiri. Sisi tuna baraza. Lakini baraza ina ila yake: lisemwalo Alasiri, Magharibi limekwisha fika sokoni. Mshauri aliyefunzwa huizidi baraza kwa mambo mawili, kutunza siri na elimu.

Wala si lazima elimu hiyo iwe ya daktari bingwa. Nchini Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina nyanya wa Mbare, jijini Harare, waketi benchini na wenye majonzi, wawasikilize. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliopitia benchi hilo walipata nafuu kubwa kuliko wenzao. Huko Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulifanywa katika vijiji 30. Vikundi vilivyoongozwa na wenyeji vilikutana kwa majuma 16, na huzuni ikapungua sana.

PUNDA NA MZIGO

Nasema haya nisiwape wakubwa kisingizio. Yako maofisi yanayomleta mshauri ili punda abebe zaidi, kwani kwao heri punda afe mzigo ufike. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kazi yenyewe ipangwe vyema na wasimamizi wafunzwe kumtambua aliyelemewa. Lilikadiria, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, kuwa siku bilioni 12 za kazi hupotea kila mwaka kwa huzuni na wasiwasi. Daftari la Mwalimu halikuharakisha fedha za shule hata kwa siku moja. Wenye dhamana ya fedha hizo nao wanapaswa kuwa na daftari lao.

Nami niliwahi kufanya kazi chini ya mhariri, gazeti silitaji, aliyeturushia karatasi usoni. Tulimchukia. Miaka ikapita ndipo nikajua kuwa yeye mwenyewe alikuwa akifokewa kila asubuhi kutoka juu. Jaa lilikuwa limejaa, likatumwagikia sisi.

Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, basi unayemwendea mwulize kama amesajiliwa. Na aliyefikia kuwaza kujitoa roho asingoje miadi, aende hospitali au amwambie mtu siku hiyo hiyo. Januari 2025 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu.

Asubuhi ya kuondoka kwangu tulikuwa tukinywa chai ofisini, mlango ukagongwa. Ni yule naibu, ameleta ratiba. Nilimtupia jicho Mwalimu. Hakushtuka. Aliweka kikombe chini, akasema, "Karibu, Madam."

Mkubwa akiwa jaa, si budi kulisafisha,
Takataka zikijaa, harufu hutaabisha,
Moyo nao huchakaa, dhiki ukiubebesha,
Tafuta wa kukufaa, mzigo ukaushusha.